Springi ya Tumboni

Benchi letu liko nje ya karakana ya magodoro, mgongo ukutani, miguu barabarani. Mimi ndiye muuza kahawa, na sipendi mtu wa kikombe kimoja kukalia benchi asubuhi nzima. Ila leo Rangi, fundi wetu wa kupaka nyumba, nimemwacha. Binti yake wa miaka minne alizaliwa utumbo umejisokota, wakaukata, kikabaki kipande kifupi. Sasa daktari anataka kumwekea kifaa cha kuurefusha, kitu cha majaribio, na jibu linatakiwa leo. Roho imeniuma, nikamjazia kikombe bila kumuuliza.

— Kifaa chenyewe kikoje? akauliza Sindano, fundi cherehani.

— Springi, Rangi akajibu. Wanaibana, wanaiingiza ndani ya utumbo. Inajiachia taratibu, inausukuma, na utumbo unaota kuifuata. Wamejaribu kwa nguruwe. Kwa watoto ndio kwanza wanaanza.

— Springi niulize mimi! akadakia Mzee Godoro, mwenye karakana. Ikichoka inatoboa kitambaa.

Sindano akamsukuma kwa kiwiko.

— Mzee, unamtisha mwenzio, akasema Sindano. Wangekuja kwangu hao madaktari. Suruali ikiwa fupi unashusha pindo. Utumbo wote ule utakosaje pindo?

— Pindo wapi! Huo ni tyubu, akasema Pampu, fundi baiskeli. Ujaze upepo usiku, asubuhi unakuta umeshakua.

— Utanenepa huo, hautarefuka, kichwa maji wewe! Sindano akamjibu.

— Na springi ikigoma kusimama? Mzee Godoro akarudi. Inausukuma tu, inausukuma tu, mtoto anapakuliwa sufuria la ukoo mzima na bado anauliza kuna nini kingine.

— Na urefu je? akadakia Pampu. Utumbo ukiongezeka, na mwili si lazima uufuate? Atakuwa anabadilisha taa bila ngazi!

Hata Rangi akacheka, kisha akajifuta uso.

— Jamani, mimi naogopa. Nikikataa, anabaki kulishwa kwa mpira wa kwenye mshipa, na ini limeshaanza kulemewa. Nikikubali mambo yakaharibika, nitamtazamaje mama yake?



Mama mmoja aliyehamia mtaani juzi alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Pole sana, kaka. Jioni nitapita kumwona mgonjwa. Anapenda kula nini, nimpikie?

Tukamgeukia Rangi. Tumemjua huyo mtoto tangu azaliwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

— Sijui, dada, Rangi akasema. Huwa tunamlambisha kijiko tu. Hajawahi kula sahani yake.

Akaweka kikombe chini, kimejaa vile vile, akainuka. Mzee Godoro akakunja miguu ampishe.

— Unakwenda wapi na kahawa hujanywa? nikamuuliza.

— Kumwambia daktari aendelee. Dada, swali lako usilisahau. Atakujibu mwenyewe.