Mtoto Aliyebatizwa Yosefu

Vita vilipotulia, treni ya Jinja kwenda Mbale ilianza tena, na Ramula, muuza samaki wa Masese, alikuwa amepania kulala njia nzima. Lakini nani angelala? Mbele yake binti mmoja alikuwa akimwungamia mzee mwenye rozari shingoni, kana kwamba behewa zima ni kanisa.

"Mzee, umesema wewe ni katekista. Tulipojificha porini miaka mitatu iliyopita, jirani yetu alijifungua, mtoto hakulia. Nikachukua maji ya jerikeni, nikambatiza. Tangu hapo naona kama nimeiba kazi ya padri."

"Ulimmwagia kichwani? Ukasema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu?"

"Nilisema."

"Basi amebatizwa. Mtu akiwa anakufa, yeyote anaweza."

Binti alishusha pumzi ndefu, na Ramula, Mwislamu asiyehusika hata kidogo, akajikuta ameshusha yake.

"Lakini nilimwita Yosefu. Alikuwa amefungwa kwenye leso, sikuangalia. Kumbe ni msichana!"

Mzee alicheka mpaka rozari ikaruka. "Ubatizo umeshika, jina litarekebishwa kitabuni. Ila wewe, binti yangu, Mungu anakuita kwenye usista."

"Au ukunga, mzee. Nilimsugua mgongo, ndipo akalia."

"Maji ndiyo yaliyomliza!"

"Ni hii mikono!"

Walibishana hivyo mpaka treni ikasimama Mbale. Ramula akajitwisha kapu lake, akauliza bila kuulizwa, "Na mtoto yuko wapi sasa?"

"Anasumbua mtaa wetu mzima wa Walukuba, kule Jinja," binti akasema. "Ukiita Yosefu, anakuja mbio."