Zege Bichi Pajani

Chuma alichopandikizwa fundi mwashi kwenye mfupa wa paja, ili kishike mguu wa bandia, kimelegea. Sikuuliza. Yeye na shemeji yake walikaa mbele yangu ndani ya basi, na shemeji hana sauti ya siri.

"Daktari alikwambia mfupa unahitaji miezi kukishika chuma, uuelemee mguu taratibu. Wewe ukabeba mfuko wa saruji, ukapanda nao ngazi."

"Sikusikia maumivu, shemeji."

"Hata zege bichi halilalamiki. Yule kibarua aliyebandua mbao kabla zege halijakauka, ulimfanya nini?"

"Nilimfukuza."

"Na ukoo wake ukautukana. Sasa wewe tukufukuzie wapi?"

Fundi alishika magongo yake. "Vibarua walikuwa wananicheka. Wananiita fundi wa kiti."

"Hongera. Sasa watakuita fundi wa kitanda."

Nikageukia dirisha. Kumcheka mgonjwa si uungwana, lakini kujizuia kulinishinda.

"Wakiking'oa chuma hiki, wataniwekea kingine?" Sauti ya fundi ilikuwa imeshuka.

"Mfupa ukibaki wa kutosha. Muulize daktari. Mimi ni muuza viatu tu, na wewe unavaa kimoja."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Shemeji alishuka na mguu wa bandia kwapani, kisha akampa fundi bega. Mfuko mmoja wa saruji ulikuwa umekula chuma, operesheni mbili za kukipandikiza na miezi yote ya kungoja. Kiasi cha mfupa kitakachoondoka na chuma hicho kilikuwa bado hakijapimwa.