Mapipa Chini ya Saruji

Kijiwe chetu kilikuwa Shimanzi, ubavuni mwa ghala kuukuu lililofungwa: mbao mbili juu ya matofali, na Katana na dele lake la kahawa katikati. Mwaka ule wa tisini na sita kampuni moja ilitaka kulivunja ghala ijenge nyumba sitini, na wastaafu wa bandarini wakaruhusiwa kuandikisha majina. La Mzee Kaingu lilikuwa la tisa. Ghalani humo alibeba magunia miaka kumi na minane. Tulimwita Bubu, maana alikuwa akinywa kahawa yake bila neno. Asubuhi moja, kwa siku ya tatu mfululizo, mwanamke mwenye mabuti ya mpira alikuwa akitoboa ardhi kwa keekee ndefu na kutia udongo vichupani.

— Anatafuta mafuta, alisema Kitsao, ambaye jina lake la kijiweni ni Redio. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ngojeni, karibu ataingia.

— Mafuta Shimanzi? Joab alicheka. Huyu alikuwa mkagua tiketi wa reli, nasi tukampa cheo cha Kamishna. Hiyo ni dhahabu ya Mreno, bwana. Alipofukuzwa Ngomeni aliifukia huku.

— Mtu anafukuzwa, apate wapi nafasi ya kuchimba?

— Ndiyo maana hakufukia chini sana.

— Na vile vichupa?

— Vya kuonjea. Dhahabu ina ladha, Redio. Muulize sonara yeyote wa Mji wa Kale.

— Wallahi si dhahabu, ni jini! Siku hizi hakujengwi mpaka jini apimwe. Akiwa mkali, udongo hugeuka samawati.

— Kwa hivyo nyumba hazijengwi? aliuliza Katana.

— Zitajengwa, alisema Kamishna. Penye miti hapana wajenzi. Hapa hata mchongoma hapana, basi wajenzi watajaa tele! Bubu, wewe funguo zako hizo.

Kaingu akapuliza kahawa yake. Binti yake Sidi na wajukuu wanne walilala naye chumba kimoja kule Makupa.

Yule mwanamke akaweka keekee chini, akatujia.

— Hamjambo, wazee wangu. Naitwa Nekesa. Kazi yangu ni kuangalia kama ardhi hii ina sumu, kabla watu hawajajengewa. Nimetoboa mashimo kumi na mawili, sijaona kitu, na leo namaliza. Nina swali moja tu. Ghala hili lilikuwa likiwekwa nini?

Miaka yote tuliyokaa pale, hatukuwahi kuuliza.

— Kule nyuma penye sakafu ya saruji, alisema Kaingu. Ramani yenu imepaweka nini?

Nekesa akaikunjua ramani.

— Uwanja wa watoto kuchezea.

Kaingu akatua kikombe.

— Mwaka wa sabini na nane mapipa ya dawa ya wadudu yalivuja. Meneja akatuamuru tuyafukie, tumwage saruji juu. Tulikuwa wanne. Mwenzetu mmoja, Levi, ngozi ya mikono ilimbambuka mwezi mzima. Tukaambiwa, anayetaka kazi afunge mdomo.

— Mapipa mangapi, mzee?

— Ishirini na mawili. Niliyabingirisha mimi.

— Bubu, Redio alinong'ona, na nyumba je?

Lakini Kaingu keshasimama, anamwongoza Nekesa nyuma ya ghala.

Mapipa yalitolewa kwa wiki mbili, na watu waliojifunika mpaka nyuso. Yalikuwa ishirini na mawili kweli. Ujenzi ukaahirishwa, na orodha ya majina ikabanduliwa ukutani.

Yaliyotokea nyumbani alitusimulia mwenyewe, maana tangu siku ile amekuwa msemaji. Sidi alimnunia siku mbili. Ya tatu akamshika mikono, akaivuta dirishani penye mwanga, akaigeuza taratibu, huku na huku, akiipapasa kwa kidole gumba.

— Baba, akasema, miaka yote hiyo mbona hukutwambia?

— Ukamjibuje? aliuliza Kamishna.

Kaingu akatutazama mmoja mmoja, kama anayengoja tumwambie.