Ngwe ya Jumbe Lusubilo

Asubuhi hiyo pale Mbebe, kwenye gogo la nje kwa Mama Loisi, kahawa ilinywewa kwa mazoea tu. Ng'ambo ya bonde jembe moja lilikuwa likigonga mawe, likinyamaza, likigonga tena, na kila mtu alijua ni la nani. Jumbe Lusubilo alikuwa akimchimbia mkewe Ruti kaburi peke yake. Mwalimu wa kanisa alipiga kengele tangu alfajiri, hakutoka mwanamume hata mmoja. Efraimu alikaa mwisho wa gogo, jembe katikati ya magoti. Alikuwa njiani kwenda msibani, akaitwa kahawa, akakaa, na sasa alishindwa kuinuka mbele ya wenzake.

— Mnalisikia? alisema Luka, waliyemwita Redio kwa kuwa habari zote za boma alidai anazo. — Jembe la serikali hilo.

— Na achimbe! alijibu Damiano. Huyu walimwita Kaptula, kwa ile kaptula aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma. — Nani alituletea kamba? "Kila mtu na ngwe yake, asiguse ya mwenzake." Haya, leo ngwe yake ndiyo hiyo.

Maneno hayo Jumbe aliyasema kweli. Zamani walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, togwa ikiwasubiri. Kisha Bwana Shamba akataka mlima wote upigwe matuta, udongo usichukuliwe na mvua, na akataka kumjua kila mvivu. Jumbe alimwomba watu wachimbe pamoja kama walivyozoea. Akafokewa hadharani kama mtoto. Akarudi na kamba begani, akampimia kila mtu ngwe, kipande chake cha kuchimba, na asiyemaliza alipelekwa boma kufungwa.

— Yale matuta mimi nawaambia ni njia ya reli, alisema Redio. — Jumbe kaahidiwa kibanda cha tiketi.

— Reli ipande mlima huu? Betri zako zimekwisha, bwana. Ni ya ndege. Zitashuka tuta kwa tuta.

— Ndege ishuke ngazi!

— Burma nimeziona. Wewe umeona nini?

— Na Ruti yeye aliahidiwa nini? aliuliza Mama Loisi, birika mkononi. — Si ndiye aliyewaletea togwa kwenye hizo ngwe?

— Mama, tunamsema mumewe.

— Anayezikwa ni mke.

Efraimu aliinamisha kichwa. Mwaka jana homa ilimlaza, ngwe yake ikabaki nusu, na ukaguzi ulikuwa kesho yake. Asubuhi akaikuta imechimbwa yote. Siku hiyo Jumbe alisalimia watu huku akificha viganja vilivyochubuka. Hakusema neno, na Efraimu naye hakumwambia mtu.

Ndipo akatokea kijana mwenye vumbi hadi magotini, akatua mzigo wake.

— Shikamooni, wazee. Mimi Anyosisye, mdogo wake Ruti, natoka Ibaba. Nimekuja kumzika dada. Huku kwenu kaburi huchimbwa na nani?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Kaptula alikohoa, akageukia barabara. Mama Loisi aliinamisha birika. Yakatoka matone machache na machicha. Jembe ng'ambo liligonga jiwe.

— Twende, mwanangu, alisema Efraimu.

Hakuna mwingine aliyeinuka.

Walimkuta Jumbe shimoni, ukingo umemfika kifuani. Kamba ya kupimia ngwe alikuwa ameilaza ukingoni, ndiyo aliyompimia mkewe kaburi. Alimwamkua shemeji yake kwa sauti iliyokauka, akamwambia aingie ndani akamwone dada yake. Kisha akamwona Efraimu akivua shati.

— Vaa shati lako, ndugu yangu.

— Nipishe, Lusubilo. Umechoka.

— Ukishuka humu, kesho watakutenga. Mimi nimeshazoea. Wewe una watoto, na paa lako linavuja. Nani atakuezekea?

— Ngwe yangu uliichimba wewe.

Jumbe alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

— Basi usimwambie mtu, alisema, akainua jembe tena.

Shimo lilikuwa la mtu mmoja. Efraimu alisimama juu, jembe mkononi, akimsubiri atoke ampokee. Jumbe hakutoka, aliendelea kuchimba.