Mtoto wa Muuza Asali

Wasikilizaji wapendwa, hapa studio nina chupa ya asali ya Sikonge. Naigeuza kichwa chini. Kiputo cha hewa kinapanda taratibu, hakina haraka. Basi hii ni asali halisi. Hapa Tabora tunalijua hilo wote, na leo namkumbuka aliyelifikisha chuo kikuu.

Profesa Shamimu Twalibu alifariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na sita. Alikuwa mwanafizikia. Mtoto wa hapa hapa mjini, mtaa wa Isevya. Mama yake, Bi Swaumu, anauza asali pale hadi leo.

Shamimu alitaka kujua vijidudu huogeleaje. Kwa kijidudu, maji ni mazito kama asali. Basi akaunda chombo kidogo cha bati chenye mkia wa waya uliosokotwa kama parafujo, akakitia kwenye beseni la asali, akapima mwendo wake.

Mwaka wa mwisho wa masomo ya udaktari wa fizikia, kule Dar es Salaam, chombo kikamwaibisha. Hesabu zilisema kiende polepole, chenyewe kikaenda mbio. Watahini wakampa mwezi mmoja aeleze kosa, la sivyo tasnifu yake ya miaka minne wataikataa.

Bi Swaumu aliposikia, akapanda treni.

"Nilimkuta amekonda, hata shikamoo aliitoa kwa shida," ananiambia. "Nikaichukua chupa yake, nikaigeuza. Kiputo kikapanda mbio. Nikamwuliza, mwanangu, asali hii umenunua wapi? Akasema, dukani hapo mtaa wa pili. Nikamwambia, hii ina maji."

Mtoto wa muuza asali, jamani, kauziwa maji. Mganga hajigangi. Ikaletwa asali ya Sikonge kwa madumu, na chombo kikaenda kama hesabu zilivyosema. Shamimu akapata udaktari, akafundisha miaka ishirini na mitano, na kila darasa jipya alilisimulia kosa lake. Nampendea hilo kuliko uprofesa.

Jana nilikwenda msibani, nyumbani kwa ukoo wao, mtaa wa Chemchem. Bi Swaumu hajui kusoma. Akanipa tasnifu, jalada linanata asali. "Nisomee penye jina langu." Nikamtafsiria kutoka Kiingereza: "Vipimo vimehakikiwa na mtaalamu, Swaumu binti Majidi, wa Isevya."

Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Mtaalamu," akasema. "Hata kwenye simu aliniita hivyo. Nilidhani ananitania."

Bi Swaumu, na ukoo wote wa mzee Twalibu, poleni sana. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Nasi tuliobaki tujiulize: aliyetusahihisha sisi ni nani, na jina lake tumeliandika wapi?