Waliombeba Naeku

Kijiwe chetu hapa Karatu ni kiti cha nyuma cha Landikruza iliyokufa zamani. Nimekiegemeza kwenye ukuta wa banda langu la pancha, kinatazama uwanja wa shule ng'ambo ya barabara. Magari ya watalii yanapita kwenda getini Ngorongoro, yanatuachia vumbi jekundu kwenye kahawa, nasi tunakunywa hivyo hivyo. Kahawa ni ya Hyasinta, mama anayesikia kila kitu na hasahau. Wateja wake wa kudumu ni Clemensi, dereva wa watalii mstaafu, tunayemwita Bigi Faivu kwa sababu kila jambo analipeleka porini. Martini wa bodaboda, jina lake VAR, maana hakuna tukio asilolirudia. Na Vedasto, tunayemwita Diwani, aliyegombea udiwani akaambulia jina. Mimi naitwa Gundi. Jumamosi hiyo tulikuwa na mgeni, mzee Moloimet, mfugaji wa Nainokanoka ambaye Diwani hununua kondoo kwake. Aliteremshwa na simu ya Diwani mwenyewe, kwamba binti yake Naeku, anayelala bweni hapa shuleni, amejiunga na machialida, kundi la wasichana wa kushangilia, na anapandishwa hewani mbele za watu. Gari la kurudi huko juu lilikuwa linaondoka saa tisa. Mzee alitaka kujua kitu kimoja tu: apande na mtoto, au amwache?

— Mzee wangu, sikukupigia kwa ubaya, Diwani alianza. Mtoto wa kike anavaa kaptula, anapanda mabegani kwa wenzake, anapiga makelele ili wavulana wafunge magoli. Hiyo ni heshima?

— Magoli gani? Hyasinta aliuliza huku akimimina. Wiki nzima sijaona mpira pale. Hao wanakwenda Arusha, wana mashindano yao wenyewe.

— Mashindano ya kushangilia? Diwani akashangaa.

— Ndiyo.

— Wanamshangilia nani sasa?

— Kwani ninyi hapa kila siku mnabishana kwa faida ya nani?

Mzee Moloimet hakucheka. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili, fimbo ameilaza magotini.

— Oya, turudie tukio, alisema VAR. Juzi napita na abiria, nikakaona kale katoto kamesimama juu ya wenzake, na hao wenzake wamesimama juu ya wengine. Ghorofa kabisa! Noma, nusura nimmwage abiria mtaroni.

— Kwa hiyo unakubali au unakataa? aliuliza Diwani.

— Nakataa! Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Walishaziona zile kaptula.

Tukaitikia "kweli kabisa", ingawa sidhani kama kuna aliyeelewa.

— Nyie hamjui wanyama, alisema Bigi Faivu. Porini anayesimama juu ya kichuguu ni nyamera dume. Analinda. Jike yuko chini na watoto. Nimezeekea kwenye usukani, sijawahi kuona jike limepanda kitu.

— Chui jike je? aliuliza Hyasinta. Si anapanda mti na swala mdomoni?

— Chui... Aaa, chui hiyo ni kesi nyingine.

— Halafu kuna suala la hewa, VAR akadakia. Sisi hapa tayari tupo juu. Ukimwongezea mtoto ghorofa mbili anaanza kuvuta hewa ya ndege. Ubongo unapanuka. Anarudi nyumbani, ukimwambia aoshe vyombo anakuuliza kwa nini.

— Na Kreta inavuta, akasema Bigi Faivu, sauti ameishusha kama anayetoa siri ya serikali. Lile shimo lina nguvu zake. Mawingu yote yanateremkia kule, mmeona. Mtoto akiwa mwepesi, upepo ukigeuka, mtakwenda kumtafuta chini kwenye faru.

Mimi nilikuwa nimeinamia tairi langu. Watu wazima wenye wajukuu! Lakini nakiri kwamba nilitupia jicho upande wa Kreta.

— Mnawasahau wa chini, alisema Diwani, akasimama kama yuko jukwaani. Wale ndio wanaoharibika! Uzito unawasindilia, hawarefuki tena. Mbele ya safari Karatu nzima itakuwa na wanawake wafupi, hata kuchuma kahawa watahitaji ngazi. Na nawaambieni, wazazi wao hawajui watoto wako wapi saa hizi. Mzazi anayejua mwanawe alipo hawezi kuruhusu upuuzi ule. Mimi Goodness wangu Jumamosi yuko tuisheni, hesabu! Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari, lakini methali ilitamkwa kwa ukali hadi VAR akavua helmeti.

— Na akianguka? aliuliza mzee Moloimet. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu.

— Aliye juu mngoje chini, Diwani akamjibu.

— Si ndiyo kazi ya hao wa chini, alisema Hyasinta. Wanamngoja.

Filimbi ikalia uwanjani. Wasichana waliingia wakikimbia, wametugeuzia mgongo, trakisuti za bluu zimekunjwa hadi magotini. Wanne wakainama, viganja ardhini. Wawili wakapanda migongoni mwao, wakashikana mikono, wakatulia. Kisha kasichana kembamba kalipita katikati yao, kakakwea, goti, kiuno, bega, kakasimama.

Naeku alinyoosha mikono, na nyuma yake mlima Oldeani ulikuwa umevua mawingu yote. Hakuyumba. Gari la watalii lilisimama barabarani, na aliyetaka kutazama hakuwa mtalii, ni dereva. Miaka yote nimeutazama uwanja ule nikiona nyasi na mbuzi, sikujua kwamba mtoto wa mtu anaweza kusimama pale hewani namna ile, mzimamzima, bila kushika chochote. Bigi Faivu alivua kofia. Zamani, kwa kumbukumbu zangu, aliivulia faru tu.

— Mama yangu, alinong'ona VAR. Hakuomba kurudia.

Mzee Moloimet alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Macho yalikuwa yamemlowa, wala hakuyaficha. Alitazama juu, akateremsha macho taratibu, akatuuliza:

— Hao waliombeba ni watoto wa nani?

Tulikuwa tumemjadili wa juu na kumlaani wa chini, na hakuna aliyekuwa amewatazama hao watoto.

— Ni wanafunzi, alisema Bigi Faivu.

— Nauliza wa nani. Kwetu humwachii mtu ndama wako kama hujui boma lake. Wa juu ni wangu. Mguu wake uko kwenye bega la mtu, na huyo mtu ana baba. Nikimjua baba, namwacha Naeku. Nisipomjua, naondoka naye.

Gari la Nainokanoka lilipiga honi pale kona. Hyasinta aliinamisha birika, likatoa matone mawili, likakauka.

Hapo ndipo nilipomwona Diwani. Kikombe chake kilikuwa kimeishia njiani, hakijafika mdomoni. Yule msichana wa kushoto, aliyebeba mguu mmoja wa Naeku, alikuwa amevaa soksi ndefu za kijani, zile zile ambazo Diwani alizinunua mnadani akaja kutuonyesha hapa hapa kijiweni. Hyasinta naye alikuwa anazitazama. Akamwachia mwenyewe aseme.

Mara goti la yule msichana likaanza kutetemeka. Naeku akayumba. Mzee Moloimet akapiga hatua moja, akakwama.

Kikombe kilianguka. Diwani alikatiza barabara bila kutazama magari, akashika uzio kwa mikono miwili, akapaza sauti ambayo hakuwahi kuipata kwenye kampeni:

— Goodness! Kaza goti, mwanangu! Kaza! Usimwachie mwenzako!

Msichana hakugeuka. Goti likatulia. Juu kule Naeku akasimama wima tena.

Mzee Moloimet alimtazama Diwani pale kwenye uzio, kisha akamrudishia Hyasinta kikombe chake.

— Nimelijua boma moja, mama. Linatosha.

Akalifuata gari, akapanda peke yake.