Ukitaka Kumgombeza, Mwite Doreen

Watu wa Mungu, nawasalimu. Na nyinyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango nawasalimu pia, maana najua nyuma ndiko masikio yalipo. Mama mchungaji ameniambia nitoke mbele niseme vile Mungu amenitendea, na akaniambia nisiwe mrefu. Nitajaribu.

Mimi shule nilisoma kidogo tu, nikatolewa nilee wadogo zangu. Lakini majina ya watu hayanipotei. Waliotusaidia nitawataja. Waliotuumiza nawajua pia, mmoja mmoja, ila hao nimemwachia Mungu, kwa sababu wengine wana jamaa humu ndani.

Nilikuwa naishi peke yangu upande wa Kiritiri, na mbuzi zangu na shamba la mtama na ndengu. Mzee wangu alishatangulia. Siku moja mbuzi akaingia kwa ndengu za jirani, nami nikamkimbiza kama msichana. Mguu ukanikumbusha kwamba mimi si msichana. Nilianguka juu ya mawe, nyonga ikavunjika.

Nilipotoka hospitali, mjukuu wangu akanichukua kwake hapa Embu, mtaa wa Dallas. Huyu ni kifungua mimba wa mwanangu, kwa hivyo kwa desturi yetu alipewa jina langu. Mimi ni Marigu, yeye ni Marigu. Mnajua vile huwa: mwanangu akimwita huyo mtoto, humwita mama. Hata kumchapa hakuwahi kumchapa. Utamchapaje mama yako? Sasa, ili nisiwachanganye, yeye nitamwita kochi, maana ndiyo kazi yake. Anafundisha wasichana wa chuo kimoja cha hapa mpira wa kikapu.

Ndugu zangu, nawaambia, mfupa ulishika vizuri, lakini mimi sikushika. Kitanda changu kilikuwa kinatazama ukuta wa kijani. Asubuhi ukuta, jioni ukuta. Kule nje geti limefungwa, majirani wanapita na simu masikioni, hakuna wa kukuuliza mvua ya kwenu imenyesha ama bado. Kochi ananiletea uji wa mtama, unapoa, unashika ngozi juu, anautoa. Nikaacha kula vizuri, kisha nikaacha kuongea. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa tu sina la kusema. Nilikuwa nangoja kufa, na nilikuwa nangoja kwa adabu, nisimsumbue mtoto.

Msichana aliyekuwa anashinda nami mchana akaolewa, kochi akakosa wa kuniachia. Akanipakia kwa tuktuk pamoja na kiti cha plastiki, akaniweka kando ya uwanja wa chuo, chini ya kivuli cha jengo la maktaba.

Mimi nimesuka viondo maisha yangu yote. Nikaangalia kile kikapu chao kilichotundikwa juu. Msichana mmoja akarusha mpira, ukaingia, ukaanguka chini. Akarusha tena, ukaingia, ukaanguka. Nikamwonea huruma. Nikamwita.

"Mtoto wangu, ni nani alikata hicho kikapu kitako?"

Yule msichana, anaitwa Wawira, akashika kiuno. "Shosh! Kingekuwa na kitako si tungekuwa tunapanda juu kutoa mpira kila saa?"

"Basi mpande. Kwani mna kazi gani ingine?"

Wakacheka mpaka wakaketi chini. Kochi alikuwa upande ule mwingine na firimbi mdomoni. Ikamtoka. Akaja mbio, akapiga magoti mbele yangu mimi nyanya yake. "Cucu, umeongea?" Nikamwambia, "Nimeuliza tu juu ya kikapu." Akalia pale mbele ya wachezaji wake, wao hawajui analilia nini.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa uwanja. Kila jioni kiti changu kinatoka. Nikajifunza ule mchezo, na nikajifunza vile kochi anavyojenga timu. Hakupewa timu, jueni hivyo. Alikuta mipira miwili isiyo na upepo. Akawatoa wasichana madarasani mmoja mmoja, wa unesi, wa mapishi, wa hesabu, wengine hawajawahi kushika ule mpira. Wiki nzima aliwakataza kuudunda. Pasi tu, pasi tu. "Ukidunda unaangalia chini," anawaambia, "na mwenzako hayuko chini." Wa Embu walikuwa wanapeana mpira wao kwa wao, wa Meru wao kwa wao. Akawapanga mmoja huku mmoja kule, mpaka mpira ukakosa kabila.

Na palikuwa na msichana wa Maua, mwanafunzi wa unesi, anaitwa Kathambi. Mrefu, mnyamavu. Mpira ukigonga ule ubao ukaruka, wengine bado wanaangalia juu, yeye ameshaushika na kushuka nao. Kochi aliniambia, "Cucu, mti wa katikati ya nyumba yangu ni huyo."

Sasa shida. Mkubwa mmoja wa chuo, sitamtaja, alimwita kochi akamwambia hivi: wageni wa chuo hawana mahali pa kuweka magari. Msimu huu timu ikikosa kufika nusu fainali, uwanja utawekwa changarawe uwe wa magari, na mkataba wa kochi hautaongezwa. Kochi aliniambia hayo akinimenyea ndizi. Mimi sikufikiria mkataba, Mungu anisamehe. Nilifikiria ule ukuta wa kijani.

Wakaenda kucheza upande wa Meru. Mimi sikwenda, barabara ndefu na nyonga haikuwa imezoea. Walifungwa vibaya. Jumatatu yake nikahesabu vichwa nikaona pengo.

"Kathambi yuko wapi?"

"Ameenda kwao," kochi akasema. "Simu hashiki. Nafikiri alikasirika nilipomtoa nje. Atarudi."

Hakurudi. Wakacheza mechi moja bila yeye wakashinda kwa kubahatisha, nyingine wakafungwa. Ikabaki mechi moja ya hapa nyumbani, ya kushinda ama changarawe.

Hapo nikamwita Wawira, nikamkalisha karibu na kiti. "Niambie. Kule Meru kulitokea nini?"

Akaangalia kochi yuko wapi, kisha akasema chini chini, "Shosh, cucu wake Kathambi alikuwa amekuja kuona mechi. Ametoka Maua na leso mpya, ameketi mbele kabisa. Sasa Kathambi akapoteza mipira miwili, kochi akapiga nduru. 'Kathambi umelala! Kathambi unatuaibisha! Kathambi ni mzigo!' Yule cucu akasimama. Akajifunga leso, akatoka. Kathambi akamfuata na jezi mwilini."

"Na cucu anaitwa nani?"

"Si Kathambi."

Nyinyi wamama mnaguna. Mmeshaelewa. Mtoto amepewa jina la nyanya yake, yeye ndiye nyanya yake. Na yule mama mzee ametoka mbali kuona jina lake likicheza, akasikia mbele ya watu wote akiitwa mzigo.

Jioni nikamwambia kochi. Akashika kichwa. "Cucu, lakini kila kochi hupiga kelele! Mimi nilikuwa naongea na msichana."

"Ulikuwa unaongea na msichana. Aliyesikia ni mwenye jina."

"Nifanye nini sasa? Nimpigie simu niombe msamaha?"

"Hapana. Nipeleke Maua."

"Na hiyo nyonga?"

"Nyonga itaketi kwa gari kama mimi."

Njeru, dereva wa chuo, Mungu ambariki, aliazima gari la shemeji yake siku yake ya mapumziko. Nikajaza ndengu za shamba langu katika kiondo nilichosuka mwenyewe, maana hakuna mtu huenda kuomba msamaha mikono ikining'inia. Tulifika Maua jua limepanda. Magari ya miraa yalishakimbia Nairobi kabla ya mapambazuko, na njiani yalikuwa yamebaki majani ya migomba ya kufungia. Tukamkuta Kathambi mkubwa nje ya nyumba yake akichambua kunde. Yule msichana alipotuona akaingia ndani.

Yeye alisema Kimeru cha Igembe, mimi Kimbeere. Tukikwama tunakimbilia Kiswahili, na Kiswahili chetu wote wawili kilikuwa kinachechemea.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Marigu. Nimekuja kuomba msamaha kwa vile nilikutusi."

Akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka fimbo. "Aliyenitusi ni kijana. Ana firimbi. Ni huyo amejificha nyuma yako."

"Huyo ni jina langu. Kama Kathambi aliyetusiwa ni wewe, basi Marigu aliyetusi ni mimi. Nimekuja mimi mwenyewe, na nyonga hii iliyovunjika."

Akachambua kunde kidogo. Kisha akauliza, "Na siku hiyo ukinitusi, Marigu, ulikuwa umelewa?"

"Hapana. Nilikuwa nashindwa mechi."

Akataka kucheka, akajizuia. "Mimi nimebeba kuni na maji na watoto. Mzigo nimeubeba, sijawahi kuwa mzigo."

"Ni kweli," nikasema.

Kochi akaja mbele akapiga magoti. "Cucu, ni mimi, nisamehe..."

"Wewe ngoja," akamwambia. "Marigu anaongea na Kathambi."

Akachukua kiondo changu akaingia nacho ndani. Ndugu zangu, hapo ndipo niliogopa. Mnajua kiondo cha mgeni hakirudi kitupu kama mmepatana. Kikirudi kitupu, shika njia. Tukangoja. Njeru kule kwa gari akazima redio. Nikawaza, kikitoka kitupu, mtoto huyu amepoteza kazi na mimi nimepoteza mahali pa kuweka kiti changu, na nitarudi kuangalia ukuta mpaka nife. Nikaomba sala fupi kuliko zote nimewahi kuomba. Nilisema tu, "Baba, kiondo."

Akatoka nacho kimeinama upande mmoja kwa uzito. Nduma, na ndizi mbivu juu. Akaniwekea miguuni.

"Na huyu pia mmbebe," akasema. Msichana alikuwa nyuma yake ameshashika begi.

Lakini hakuwa amemaliza. Akamnyooshea kochi kidole. "Kugombeza utagombeza, maana bila kugombezwa mtoto haoni njia. Lakini usimgombeze na jina langu. Huyu alibatizwa Doreen. Jina hilo alilipata kanisani, halina mzee yeyote hapa Maua. Ukitaka kumgombeza, mwite Doreen. Akifanya vizuri, hapo uniite mimi."

Tulicheka njia yote mpaka Embu. Na kochi, kwa vile ni mtu wa akili, akaifanya sheria ya timu nzima. Makosa ni ya jina la ubatizo, sifa ni ya jina la nyumbani.

Siku ya ile mechi ya mwisho Kathambi mkubwa alikuja, nikamwekea kiti kando ya changu. Kelele za kochi siku hiyo! "Doreen, rudi nyuma! Faith, wacha kudunda! Mercy, macho!" Kisha mpira ukiingia, "Wawira! Mukami! Kathambiii!" Na yule mama kando yangu anainuka kila mara anapoitwa, anajipangusa leso, anaketi. Kochi wa upande mwingine akaenda kumlalamikia refa kwamba tuna wachezaji ambao hawajaandikishwa. Refa akaja akahesabu. Watano. Akahesabu tena.

Mwishoni tulikuwa mbele kwa kikapu kimoja, na mpira ulikuwa wao. Msichana wao akarusha. Ukagonga ubao, ukaruka. Mimi nilifumba macho, siwadanganyi. Nikasikia kochi akipiga nduru jina. Halikuwa Doreen. Nikafungua macho nikamwona Kathambi ameukumbatia mpira tumboni kama mtoto, na firimbi inalia.

Yule mkubwa wa chuo alikuja uwanjani na viatu vyake vya ofisi. Akamsalimia kochi kwa mkono, akasema, "Basi, madam, magari yatatafuta kwingine." Hakusema kingine. Mkataba ulikuja wiki hiyo. Nusu fainali tulishinda pia, fainali tukafungwa, na kikombe cha nafasi ya pili kiko pale kwa ofisi, kila Ijumaa wasichana wanakipangusa. Lakini mimi usingizi ulionitoka kwa hofu ya changarawe ulirudi siku ile mkubwa alipotuachia uwanja. Nililala mpaka jua likanikuta.

Kwa hivyo nashukuru. Nashukuru Mungu. Nashukuru Njeru na shemeji yake. Nashukuru Kathambi wa Maua, mkubwa na mdogo. Nashukuru Wawira aliyenijibu siku ile bila kuniogopa, na Mukami, Njura, Karimi, Kanana, Gatwiri, Wanja, Kendi, na Muthoni ambaye hakucheza hata dakika moja na bado alibeba maji ya wenzake. Na namshukuru Marigu, mjukuu wangu, aliyekubali kupiga magoti kwa watu asiowajua.

Nawaambia hili moja tu, nyinyi wazazi, walimu, na mliopewa watu wa kuongoza: mtoto hasimami mbele yako peke yake. Kuna mtu ndani ya jina lake. Mkanye, mnyooshe, lakini umwachie huyo mtu heshima yake.

Jumamosi wanacheza tena. Njooni, ni bure. Na nyinyi akina Wawira, akina Wanja, akina Muthoni mliojaa humu, mkisikia pale uwanjani jina lenu linapigiwa vigelegele, msigeuke kutafuta ni nani anaitwa. Simameni. Ni lenu pia.